Betri Haifanyiwi Sevisi: Uhakiki wa Ujumbe Mmoja wa Kompyuta

Ukitumia laptopu moja kwa miaka mitatu au minne, kuna ujumbe utakutana nao tu. Unajitokeza karibu na ile alama ya betri, umeandikwa kwa Kiingereza, na maana yake ni kwamba inashauriwa betri ikafanyiwe sevisi. Basi. Hausemi kwa nini, hausemi lini, wala hausemi ukiupuuza itakuwaje.

Tumezoea uhakiki wa riwaya, filamu na nyimbo. Leo naomba tuhakiki sentensi hii moja, kwa sababu nayo ni maandishi, ina wasomaji wengi, na wasomaji hao hutoa pesa mfukoni kutokana na walichokisoma.

Nianze na kisa kilichonifanya nianze kuiangalia kwa jicho la pili. Mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili tulikaa wawili chumba kimoja hosteli. Laptopu yangu ilikuwa ya mtumba, na ilitoa ujumbe huo mwezi wa pili tu tangu niinunue. Niliogopa. Fundi wa kwanza niliyempelekea aliitazama dakika moja akaniambia, "Mdogo wangu, hii tafuta nyingine tu." Sikuwa na pesa ya kutafuta nyingine, kwa hiyo nikaendelea nayo hivyohivyo. Nikaandikia tasnifu nzima.

Laptopu ya mwenzangu haikuwahi kutoa ujumbe wowote. Siku moja akalalamika kwamba kile kibao cha kupapasia, kinachofanya kazi ya mausi, hakibonyezeki. Alidhani ni vumbi. Tulipoigeuza tukakuta kifuniko cha chini kimetuna kama andazi. Betri ilikuwa imevimba, na jamaa alikuwa na kawaida ya kulala nayo kitandani ikiwa kwenye chaji.

Kwa hiyo mashine iliyoonywa haikuwa na hatari yoyote, na iliyokuwa na hatari haikuonywa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: huu ujumbe hasa unapima nini?

Kwanza tuutendee haki

Ujumbe huu una mema yake. Ndani ya pakiti ya betri ya laptopu kuna chipu ndogo inayofanya kazi ya geji. Inahesabu umeme unaoingia na unaotoka, inapima volti na joto, halafu inakadiria betri ikijaa leo inabeba kiasi gani ukilinganisha na siku ilipotoka kiwandani. Hakuna fundi anayeweza kulijua hilo kwa kuishika betri mkononi. Betri iliyochakaa ina uzito uleule wa betri mpya. Ukiitazama kwa nje huoni kitu.

Tena, kupata taarifa hii ni haki iliyopatikana kwa ugomvi. Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya simu za iPhone zenye betri zilizozeeka, ili zisizimike ghafla. Kitaalamu, sababu hiyo ilikuwa na mantiki, na nitaieleza mbele. Kosa lilikuwa kwamba watumiaji hawakuambiwa, na wengi walidhani simu yenyewe ndiyo imechoka. Kampuni iliomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Mwaka 2018 ikaongeza ukurasa wa afya ya betri kwenye simu. Februari 2020, mamlaka za Ufaransa ziliitoza faini ya euro milioni 25, na hoja yao haikuwa kupunguza kasi. Hoja ilikuwa kutowaambia wateja.

Kwa hiyo simlaumu aliyeamua kuonya. Lawama yangu ni kwa namna onyo lenyewe lilivyoandikwa, na ninayo makosa matatu.

Kosa la kwanza: neno "sevisi"

Ukipeleka gari sevisi unajua kinachofuata. Wanamwaga oili, wanabadilisha filta, wanakaza kilicholegea, na unarudi nyumbani na gari lilelile. Hata betri ya gari ya aina ya zamani ilikuwa na matunzo yake: unafungua vifuniko, unaongeza maji ya betri, unasugua ule ukungu kwenye vichwa, maisha yanaendelea.

Betri ya laptopu haina kifuniko cha kufungua, haina maji ya kuongeza, haina cha kusugua. Imefungwa tangu kiwandani, na ikifunguliwa inaharibika au inawaka. "Huduma" pekee iliyopo ni kuitoa na kuweka nyingine. Basi kwa nini isisemwe hivyo? "Sevisi" ni neno la upole linaloficha neno "badilisha", na neno "badilisha" linaleta maswali ambayo muuzaji hayapendi sana: nibadilishe kwa shilingi ngapi? Naweza kubadilisha mwenyewe? Mbona imegandishwa kwa gundi?

Tena neno hili linamfungulia mlango tapeli. Msomaji akiamini kwamba betri inafanyiwa sevisi, atampata tu mtu wa kumwambia "niachie hapa, kesho njoo uchukue." Kesho yake geji imewekwa upya, namba kwenye skrini inapendeza, na betri ni ileile.

Ili uone kwa nini hakuna sevisi inayowezekana, tuingie ndani kidogo.

Ukoko chini ya sufuria

Betri za ioni za lithiamu ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony. Watafiti watatu waliozijengea msingi, yaani John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na miaka 97, mshindi mzee kuliko wote katika historia ya tuzo hizo. (Yeye hakuhitaji sevisi.)

Wazo lao ni rahisi kulisimulia. Kuna upande chanya wenye oksidi ya metali, mara nyingi ikiwa na kobalti. Kuna upande hasi wa grafiti, ndugu wa kile kilichomo ndani ya penseli yako. Katikati kuna kimiminika kinachoitwa elektroliti. Ukichaji, ioni za lithiamu zinatoka upande chanya na kujipanga katikati ya matabaka ya grafiti. Ukitumia, zinarudi zilikotoka, na elektroni zinapita kwenye waya kuiendesha kompyuta. Kuchaji na kutumia ni safari za kwenda na kurudi tu.

Shida ni kwamba elektroliti haivumilii kugusana na grafiti iliyojaa lithiamu. Inavunjika, na mabaki yake yanaganda juu ya grafiti kama utando mwembamba sana. Utando huo una faida, maana unazuia elektroliti nyingine isiendelee kuvunjika. Bila huo, betri isingemaliza hata wiki. Ila hauachi kukua. Kila siku unaongezeka kidogo, na kila unapoongezeka unameza lithiamu.

Fikiria sufuria ya wali. Ukoko ulio chini ni wali uleule uliopikwa, haujaenda popote. Lakini hautapakuliwa. Sufuria ina uzito uleule, ila sahani zinazojaa zinapungua. Ndivyo ilivyo lithiamu iliyonaswa kwenye utando: bado imo ndani ya betri, ila haisafiri tena. Tofauti ni kwamba ukoko wa wali una watoto wa kuugombania, na huu hauna mtu wa kuukwangua. Hakuna programu, hakuna chaja, hakuna fundi atakayeirudisha lithiamu ile kazini.

Moto ukiwa mkali ukoko unakua haraka, na hapa mfano bado unatufaa. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria kwamba mmenyuko mwingi huenda kasi karibu mara mbili joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi. Betri inayokaa chumba cha nyuzi 32 Dar es Salaam, chini ya prosesa inayochemka, imejaa asilimia 100 muda wote, inapikwa kwa moto mkubwa. Huzeeka hata usipoitumia.

Kosa la pili: hukumu isiyotaja sheria

Ujumbe unasema betri imefika mahali pa kuhudumiwa. Mahali gani? Nani alipaweka?

Apple wanasema betri za kompyuta zao zimebuniwa kubaki na hadi asilimia 80 ya uwezo wa awali zinapofika kikomo cha mizunguko ya chaji, ambacho kwa nyingi za miaka hii ni mizunguko 1,000. Mzunguko mmoja ni kutumia umeme unaolingana na betri nzima, hata kama ni nusu leo na nusu kesho. Kiwango hicho cha asilimia 80 ni desturi ya siku nyingi ya wahandisi katika majaribio ya betri.

Sasa linganisha. Windows 7 nayo ilikuwa na ujumbe wake, wa kukushauri ufikirie kubadilisha betri. Mwaka 2010 watu walilalamika kwamba programu hiyo inaharibu betri zao. Microsoft walichunguza, wakajibu kwamba betri zilizoonywa zilikuwa zimechoka kweli, na wakaeleza kipimo chao: onyo lilitoka pale betri ilipobaki na asilimia 40 tu ya uwezo wake wa awali.

Asilimia 80 na asilimia 40! Chukua betri iliyobaki na asilimia 60. Kwa kipimo kimoja imeshapita muda wake, kwa kingine ina safari ndefu mbele. Kemia ni ileile. Kilichobadilika ni mtu aliyekaa kwenye kikao akachora mstari.

Ngoja tupige hesabu ya mstari huo. Tuseme betri yako ilizaliwa na uwezo wa wati-saa 56, na wewe ukiandika na kusoma tu laptopu inakula wastani wa wati 8. Mpya ilikupa saa 7. Ikibaki asilimia 80 inakupa saa 5 na dakika 36. Ikishuka hadi 79, saa 5 na dakika 32. Kati ya betri "nzima" na betri "ya kuhudumiwa" kuna dakika nne. Muda wa kuchemsha chai, na chai yenyewe haijaiva.

Haki itendeke hapa pia: mstari wa 80 haukutolewa hewani kabisa. Baadhi ya seli huzeeka polepole kwa muda mrefu, halafu zikifika mahali fulani zinaanza kuporomoka kwa kasi, kama mtu aliyekuwa akishuka mteremko akafika kwenye korongo. Kuonywa kabla ya korongo si vibaya. Lakini si kila seli inalo korongo hilo, na haliko mahali pamoja kwa zote. Ujumbe mwaminifu ungekupa namba yako na kukuachia uamuzi, maana anayejua kama saa tano zinamtosha ni wewe.

Na namba yenyewe ni makadirio. Geji hujifunza betri inabeba kiasi gani pale inapoiona ikitoka juu hadi chini. Kama laptopu yako hukaa kwenye umeme mwezi mzima, geji inabahatisha tu. Ndiyo maana wengine wanasema "niliimaliza chaji mpaka ikazima, nikaijaza, afya ikapanda kutoka 77 hadi 81." Afya haikupanda. Mzani ndio uliorekebishwa.

Namba yako unaweza kuiona leo. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, halafu soma faili itakayotengenezwa. Tafuta mistari miwili: uwezo wa kubuniwa na uwezo wa chaji kamili. Gawanya wa pili kwa wa kwanza. Kwenye Linux, amri ya upower -d itakupa habari hizohizo. Kwenye Mac nenda kwenye ripoti ya mfumo, sehemu ya umeme. Ukienda kununua laptopu ya mtumba, omba kuona taarifa hii kabla hujatoa hata shilingi. Muuzaji akikataa, keshakujibu.

Kosa la tatu: linalonyamaziwa

Hili ndilo kosa kubwa. Ujumbe umejengwa juu ya kitu kimoja, uwezo wa kubeba chaji. Lakini betri huzeeka kwa njia zaidi ya moja, na hiyo ndiyo njia isiyo na madhara makubwa.

Njia ya pili ni ukinzani wa ndani. Ule utando ukinenepa, ioni zinapita kwa shida. Betri ni kama tangi la maji: uwezo ni ukubwa wa tangi, ukinzani ni bomba lililoziba. Unaweza kuwa na tangi la kutosha na bado usiweze kuoga.

Kwa mfano, chukua betri yenye seli tatu zilizofuatana, kompyuta ikivuta ampea 4 kwa sababu umefungua video na programu ya hesabu kwa pamoja. Kila seli imebakiza chaji kidogo, ipo kwenye volti 3.5. Ikiwa seli ina ukinzani wa omu 0.05, volti inayopotea ndani ni 0.2, unabaki na 3.3, kazi inaendelea. Ikiwa imezeeka na ukinzani umefika omu 0.15, inapotea 0.6, unabaki na 2.9. Mifumo mingi huzima umeme volti zikishuka chini ya takriban 3.0, ili kuikinga seli. Kwa hiyo mashine inazimika pap, na alama ya betri ilikuwa bado inaonyesha chaji. Hiki ndicho kilichozisumbua zile simu za 2017: tangi lilikuwa na maji, bomba ndilo lilishindwa. Kupunguza kasi ya prosesa kulikuwa ni kufungua koki kidogo tu ili maji yasikatike.

Njia ya tatu ni ile ya mwenzangu wa hosteli. Elektroliti inapovunjika hutoa pia gesi. Laptopu nyingi nyembamba za leo zina seli laini, zilizofungwa kwenye mfuko wa karatasi ya alumini kama pakiti ya maziwa. Gesi ikijaa, mfuko unavimba na kusukuma chochote kilicho juu au chini yake: kibodi, kibao cha kupapasia, kifuniko. Ndani, matabaka yaliyopaswa kukaa yamebanana yanaachana. Ukiibonyeza, ukiipinda au ukiitoboa, pande mbili zinaweza kugusana, na hapo ni shoti. Joto la shoti linachochea mmenyuko mwingine, mmenyuko unaongeza joto, na moto wa namna hiyo hauzimiki kwa kupuliziwa.

Geji hailioni hili. Haina macho ya kuona betri imetuna. Inaweza kukuambia betri ina asilimia 88, hali ya kawaida, huku kibodi yako ikipanda juu.

Historia inathibitisha kwamba uwezo na usalama ni mambo mawili tofauti. Agosti 2006 kampuni ya Dell ilirudisha betri za laptopu milioni 4.1 zenye seli zilizotengenezwa na Sony, kwa sababu ya hatari ya kuwaka moto. Lawama ilikwenda kwa vipande vidogo vya metali vilivyoingia ndani ya seli wakati wa utengenezaji, ambavyo vingeweza kusababisha shoti. Mwaka 2016 Samsung waliondoa sokoni simu ya Galaxy Note 7, iliyokuwa haijamaliza hata miezi michache. Hizo zilikuwa betri changa. Kwa kipimo cha uwezo, zingepita bila shida.

Kwa hiyo ujumbe unapiga kelele kuhusu dakika nne, unanong'ona kuhusu bomba lililoziba, na kuhusu moto haufungui mdomo kabisa. Kibaya zaidi, ukimya wake unasomwa kama cheti. Mwenzangu alikuwa na hoja ya haki kabisa: "Mbona yako ndiyo iliyoandikwa ina shida?"

Na ushauri wa mtaani usijifiche

Tukiwa tunahakiki, tusimwonee mmoja. Ushauri wa vijiweni nao una makosa yake.

"Imalize chaji mpaka sifuri kila mara." Huo ulitufikia kutoka enzi za betri za nikeli na kadimiamu. Kwa lithiamu, kushuka hadi sifuri kila siku ni kuitesa. Fanya mara chache tu, kwa ajili ya kurekebisha geji.

"Ianike juani." Wengi tumekua tukiona betri za redio zikianikwa juu ya bati, na kweli redio ilipata dakika za nyongeza, maana joto liliwezesha kemikali za betri zile kutembea na kumenyuka vizuri zaidi. Kwa betri ya laptopu, jua ndilo adui wa kwanza.

"Usizidishe asilimia 80." Huu ni sahihi kikemia, na laptopu nyingi zina mpangilio wa kuweka kikomo hicho. Lakini umetungwa kwa ajili ya mtu ambaye umeme haukatiki. Kama kwenu kuna mgao na kesho unawasilisha kazi, jaza mpaka 100 bila kujilaumu. Betri ni ya kukutumikia, hukununua ili uilee. Weka kikomo siku za kawaida, kiondoe siku ya shida, na muhimu kuliko yote, usiichaji juu ya godoro.

Nani ananufaika na ujumbe mfupi?

Sisemi kuna njama. Ila ujumbe usio na namba wala maelezo, ukikutana na betri iliyobandikwa kwa gundi na skrubu zenye vichwa vya ajabu visivyo na bisibisi dukani, unamsukuma mtu kuelekea upande mmoja: nunua nyingine. Si lazima mtu awe amekusudia.

Ulaya wameanza kulishughulikia kwa sheria. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe kwa urahisi, isipokuwa kwa vifaa vichache vilivyotajwa. Sheria ile haitufungi sisi. Lakini laptopu za mtumba tunazonunua nyingi hutoka huko, na mashine inayofunguka huko itafunguka na huku.

Na kuna jambo la karibu zaidi. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa upande wa Lualaba na Haut-Katanga. Kolwezi wanazungumza Kiswahili. Sehemu ya kobalti ile huchimbwa kwa mikono, na watu wanaoweza kuisoma makala hii bila mkalimani. Kutupa laptopu nzima kwa sababu ya dakika nne ni kulidharau jasho la mtu ambaye ungeweza kumsalimia kwa lugha yako.

Basi ufanye nini?

Ukiona ujumbe, usikimbilie dukani. Soma namba yako. Kama saa ulizobakiwa nazo zinakutosha, endelea na kazi. Mimi niliendelea.

Kama mashine inazimika ghafla ikiwa bado na chaji, hiyo ni sababu ya kweli ya kubadilisha betri, hata kama ujumbe haujatoka. Wakati huohuo hifadhi kazi yako kila mara, na usifungue mambo mazito ukiwa nje ya umeme. Ukipata betri mpya, linganisha taarifa yake ya uwezo na kilichoandikwa kwenye lebo. Usiishie hapo, maana chipu inaweza kuandikwa uongo: tumia saa ya ukutani kuhesabu inakaa muda gani.

Kama imetuna, hapo hakuna mjadala. Zima, chomoa chaja, usiichaji tena hata dakika moja. Usiibonyeze irudi, usiitoboe "itoe hewa". Iweke kwenye sakafu ya saruji mbali na pazia na magodoro, mpelekee fundi anayejua kuitoa. Usiitupe kwenye jalala linalochomwa moto. Ikianza kufuka moshi, toka nje na uwatoe wenzako. Moshi ule ni sumu, na hakuna tasnifu yenye thamani ya mapafu yako.

Mhakiki anayelalamika bila kuonyesha mbadala hajamaliza kazi. Mimi ujumbe ningeuandika hivi:

"Betri hii sasa inabeba asilimia 78 ya uwezo iliozaliwa nao. Ukifanya kazi kama wiki iliyopita, itakupa kama saa tano na nusu. Namba hii peke yake si dalili ya hatari. Mashine ikizimika ghafla ikiwa na chaji, badilisha betri. Geuza mashine uangalie chini: ukiona imetuna, usiichaji tena. Mimi siwezi kuliona hilo, wewe unaweza."

Mpaka atokee wa kuuweka hivyo kwenye skrini, sentensi yake ya mwisho unaweza kuanza nayo wewe leo. Ukimaliza kusoma hapa, funga laptopu yako, iweke juu ya meza iliyonyooka, halafu ibonyeze pembeni kwa kidole. Kama inayumba na zamani haikuwa ikiyumba, usiirudishe kwenye chaji.